Msitu wa Duru-Haitemba na Rangi za Ramani

Kijana wa Mutuka aketiye leo mbele ya kompyuta kuichora ardhi ya wilaya ya Babati, nchini Tanzania, katika ramani huria, ambayo kila raia ana ruhusa ya kuitia alijualo, hufika mahali akasita: je, miti aionayo katika picha ya setilaiti aiandike kuwa ni uoto wa asili, au aiandike kuwa ni ardhi iliyotengwa kwa uvunaji wa mbao? Suala hilo, ambalo wachoraji wa ramani hizi ulimwenguni wamelibishania miaka mingi bila ya kuafikiana, wanavijiji wa wilaya hiyo hiyo walikwisha kulikabili kabla ya intaneti kuwafikia.

Duru-Haitemba ni msitu wa miombo wa hekta zipatazo 9,000, uliozungukwa na vijiji vinane, miongoni mwao Ayasanda, Riroda, Gidas, Bubu na Endanachan. Katika miaka ya 1980 serikali iliazimia kuufanya hifadhi yake, wapima wakaja na mpaka ukapimwa, na mtu aliyezoea kuchunga ng'ombe au kuokota kuni humo akaanza kuhesabiwa mkosaji. Natija yake ikawa kinyume cha makusudio, kwani watu, walipoona kwamba msitu u karibu kuwatoka mikononi, waliharakisha kukata walichoweza, na walinzi wa serikali, kwa uchache wao, hawakuweza kuwazuia.

Mnamo 1994 shauri likageuzwa. Kwa msaada wa Uswidi na ushauri wa mtaalamu Liz Wily, kila kijiji kilikabidhiwa sehemu iliyo ndani ya mipaka yake, nayo mipaka hiyo wenyeji waliifuata kwa miguu, wakikubaliana na majirani zao, kisha wakaugawa msitu kwa kadiri ya matumizi: sehemu hii isiguswe kamwe, ile iokotwe kuni zilizokauka na kutundikwa mizinga. Kuchoma mkaa, kufyeka mashamba na kuchuna magome ya miti mibichi vikapigwa marufuku, na ulinzi wakaushika vijana wa vijijini. Naam, hiyo ndiyo ramani, hata kama haikupakwa rangi!

Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilikuja baadaye kuupa utaratibu huo nguvu ya dola, hii ya mwisho ikiitambua misitu ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi.

Kwa rai yangu, miti na milki ni mambo mawili, na ramani iyachanganyayo humdhulumu mwenye msitu. Basi mchoraji wa Mutuka aandike uoto kwa alichokiona, lakini kabla ya kuandika neno lolote juu ya uvunaji au hifadhi, aende kwanza katika ofisi ya kijiji husika akaulize mipaka na sheria ndogo za kijiji hicho.