Mawe ya maili ya Kiroma

Mawe ya maili ya Kiroma (kwa Kilatini: miliaria, umoja: miliarium) yalikuwa nguzo zilizosimamishwa kando ya barabara kuu za Dola la Roma ili kuonyesha umbali. Ziliwekwa kila baada ya hatua elfu moja, yaani mille passus, ambazo ni takriban mita 1,480. Waroma walihesabu hatua tangu mguu unyanyuke hadi mguu uleule ukanyage tena, kwa hiyo hatua yao moja ni mbili za kwetu. Neno "maili", ambalo Kiswahili kimelipata kupitia Kiingereza, lina asili katika mille hiyohiyo.

Umbo na maandishi

Kwa kawaida nguzo ilikuwa ya mviringo, yenye kimo cha mita 2 hivi, na sehemu yake ya chini ilifukiwa ardhini. Maandishi yalichongwa, na herufi ziliweza kupakwa rangi nyekundu ili zisomeke vizuri. Yalitaja Kaisari, vyeo vyake na idadi ya maili kutoka mji fulani. Katika Gallia (Ufaransa ya leo) kipimo cha wenyeji, leuga, sawa na maili moja na nusu ya Kiroma, kilitumika pia.

Mabadiliko ya karne ya 3 na ya 4

Katika karne ya 3 BK majeshi yaliwapandisha na kuwaangusha makaisari kila baada ya miaka michache. Miji na majimbo ilihitaji kuonyesha haraka iko upande wa nani, na nguzo za barabarani zilifaa kwa kazi hiyo. Idadi ya maili ikaachwa mara nyingi. Jina la Kaisari likaandikwa kama la mtu anayetunukiwa: "Kwa Bwana wetu", pengine pamoja na maneno bono rei publicae nato, yaani "aliyezaliwa kwa manufaa ya dola". Mahali pengine nguzo kadhaa zilisimama pamoja kwenye maili moja, kila moja na Kaisari wake. Msomaji asidhani basi kwamba kila jiwe jipya linathibitisha ukarabati wa barabara. Kosa hilo ni rahisi kufanyika.

Kaisari aliyelaaniwa baada ya kuanguka aliweza kufutwa jina kwa patasi. Mfano mzuri zaidi, hata hivyo, ni jiwe lililopatikana karibu na Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1894. Upande mmoja lina jina la Carausius, mkuu wa jeshi la majini aliyejitangaza Kaisari huko Britania na kuuawa mwaka 293. Baadaye jiwe lilipinduliwa, na upande wa pili ukachongwa jina la Konstantino, aliyetangazwa na askari mjini York mwaka 306. Jina la Carausius lilifukiwa ardhini, na kwa sababu hiyo likasalimika. Ndiyo maandishi yake pekee yanayojulikana katika jiwe.

Desturi hiyo ilififia katika karne ya 5. Miongoni mwa mawe ya mwisho ni lile la Arles, kusini mwa Ufaransa, la miaka ya 430, ambapo afisa Auxiliaris aliagiza mawe ya maili yawekwe. Linataja makaisari Theodosius II na Valentinian III, na pia umbali: maili 1.