Mali Bila Daftari

Ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi wanafunzi mliopo sasa: wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia kwenye kompyuta, na wapo wanaodhani kwamba karatasi na filamu za zamani zinafaa kuwashia moto tu. Historia ya wilaya zetu, Tarime na Serengeti, yatuonyesha vingine.

Tuanze Serengeti. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kwa picha za filamu zilizopigwa kutoka kwenye ndege, wakapatikana wapatao 263,000. Ilipofika mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Kwa kulinganisha hesabu hizo, wataalamu walitambua kwamba ugonjwa wa sotoka ndio uliokuwa ukiwapunguza, na kwamba chanjo ya ng'ombe wa wafugaji iliwaokoa hata wanyama wa porini. Kama hesabu ya kwanza ingetupwa, nani angejua?

Twende Tarime. Wakati wa ukoloni, maofisa wa Wilaya ya North Mara, yaani Tarime na Rorya za leo, waliweka Kitabu cha Wilaya. Humo waliandika habari za makabila, watemi, mila na mashamba. Ni kweli waliandika kwa macho ya mtawala, na maneno ya wazee wetu hayana budi kuwekwa kando yake. Hata hivyo vitabu hivyo vilipigwa picha katika mikrofilamu, na hadi leo mtafiti huvisoma. Mikrofilamu haidai programu yoyote. Yataka mwanga na lenzi tu.

Sasa tazameni disketi, ambazo maofisi mengi yalizitumia miaka ya 1990. Moja ilibeba megabaiti 1.44, nasi tuliiona ajabu. Mwaka 2011 kampuni ya Sony iliacha kuziuza. Barua iliyobaki ndani ya disketi yaweza kuwa nzima kabisa, lakini mashine ya kuifungua ni adimu. Jalada la karatasi la mwaka 1965 lingali likisomeka mezani.

Sisi watumishi wa serikali twalijua jambo hili. Mtu anapostaafu, haki yake mara nyingi hutegemea barua ya kuajiriwa iliyomo masijala. Ikipotea, mzee huyo atahangaika.

Sisemi tuikatae kompyuta. La hasha! Nakala ya kompyuta husafiri upesi na hupunguza kuchakaza karatasi. Ila nakala isiwe sababu ya kuteketeza asili.

Kwa hiyo naomba, katika mkutano wetu huu, tuchange fedha za kabati za chuma na chumba kikavu kisicho na mchwa, ili rejista za wanafunzi, vitabu vya matokeo na picha za shule vihifadhiwe. Nanyi wanafunzi, msaidieni mwalimu kuviorodhesha. Humo yamo majina yetu, na yenu yataingia humo.