Umri wa Binti na Dawa ya Wadudu: Kisa cha DDT

Leo tuzungumze juu ya dawa ambayo nyanya zetu waliijua sana: DDT.

Nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Mswizi Paul Müller, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi walinyunyiziwa unga wake kuua chawa. Hapa kwetu Nyanza, kuanzia mwaka 1946, ilimwagwa katika mito ya bonde la Kodera kuua inzi wadogo weusi wanaoeneza upofu, na inzi hao wakaangamia. Kwa hivyo siikashifu bure. Dawa hii iliokoa watu.

Mwaka 1945 ilianza kuuzwa kwa raia kule Marekani. Ikanyunyizwa mashambani, majumbani na mitaani. Gari la dawa lilipopita, watoto walilikimbilia na kucheza ndani ya ule moshi mweupe. Wazazi wengi hawakushtuka, maana waliambiwa haina madhara kwa binadamu. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na Kenya ikaikataza kwa kilimo mwaka 1986.

Sasa sikiliza mama, hapa ndipo penye jambo. Kati ya mwaka 1959 na 1967, katika eneo la Oakland, California, maelfu ya kina mama wajawazito walikubali kutolewa damu kwa ajili ya utafiti. Damu hiyo iligandishwa ikahifadhiwa. Miaka mingi baadaye, mtafiti Barbara Cohn na wenzake walichukua damu ya wanawake 129 waliopata saratani ya matiti kabla ya miaka 50, wakailinganisha na ya wengine 129 ambao hawakuugua. Matokeo yalitolewa mwaka 2007.

Walipowatazama wote kwa jumla, habari haikuwa wazi. Walipouliza swali moja tu, "Huyu alikuwa na umri gani mwaka 1945?", mambo yakajitenga. Waliokuwa hawajafika miaka 14 dawa ilipoanza kuenea, na ambao damu yao ilikuwa na DDT nyingi, walikuwa katika hatari ya saratani mara tano hivi kuliko wenzao wa rika hilo wenye DDT kidogo. Waliokuwa wameshapita umri huo, hatari haikuonekana kuongezeka. Dawa ni ile ile; tofauti ni umri.

Wanawake 129 si wengi, na utafiti mmoja haumalizi maneno. Lakini dalili kama hiyo ilishaonekana Japani: kati ya walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945, waliokuwa wasichana wadogo ndio waliopata saratani ya matiti zaidi kuliko waliokuwa watu wazima. Karibu na kuvunja ungo, titi linaanza kujijenga. Chembechembe zake zinagawanyika kwa haraka na bado hazijakomaa, hivyo zinadhurika upesi. Madhara hujificha hata miaka 30 au 40. Binti anaonekana mzima kabisa, na hiyo ndiyo shida yake.

Mwaka 2015 watafiti hao hao walitoa habari ya kizazi kilichofuata: mabinti ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi wakati wa mimba nao walikuwa katika hatari zaidi, karibu mara nne.

Usije ukatupa neti kwa sababu ya maneno haya. Dawa ya neti si DDT. Ni ya jamii iliyotengenezwa kwa kuiga pareto, ile tunayolima Molo. Malaria inaua leo. Wala usiache kumnyonyesha mtoto.

Ninalokuomba ni hili. Wakati wa kunyunyizia nyanya au kahawa, usimtume msichana wa miaka 11 kuchanganya dawa wala kubeba pampu. Mvulana pia, asibebeshwe. Waliofanya kazi hiyo wabadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Chupa ya dawa isigeuzwe ya maziwa au maji, hata ukiisuuza mara kumi. Na binti akiwa na chawa, usimpake dawa ya kupe wala ya shamba kichwani: mnyoe, au umlete kliniki tumpe dawa inayofaa.