Picha zinalipiwa na nani? Kutoka sinema ya kambi mpaka mega za simu, Lubumbashi

Mwisho wa mwezi swali linarudi katika malupango mengi ya Hewa Bora. Kijana anaomba dola chache za abonema ya filme kwenye simu, mama anauliza pesa ya shule itatoka wapi, na mzee aliyekaa pembeni anasema kwamba zamani picha zilikuja zenyewe, hakuna aliyelipa. Mzee ana haki, lakini nusu tu. Picha zilikuja, ndiyo. Ila kila mara kulikuwa na mtu aliyelipa, na huyo aliyelipa ndiye aliyechagua watu waone nini.

Tuanze na kambi. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière kikaanza kazi. Kwanza kampuni ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi, wakachoka, wakafa wengi, wakakimbia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha siasa yake: mfanyakazi alete mke, azae watoto kambini, akae. Ndipo zikaja nyumba, posho ya kila juma, shule za wamisionari, hospitali, na baadaye sinema. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, watoto wakakaa chini mbele, wazee nyuma. Yeye mfanyakazi hakuhesabu abonema yoyote, lakini filme ilikuwa imeshachaguliwa na bwana mkubwa pamoja na padri, na sheria ya mkoloni ilikataza Mwafrika kuingia kwenye filme ambayo kamati ya uchunguzi haijaikubali. Wazungu walikuwa na majumba yao mjini, ambako waliona filme nyingine. Hata hivyo watu walichukua walichotaka. Wamisionari walitaka mafundisho ya usafi na heshima. Vijana walipenda kowboi. Kule Léopoldville, miaka ya 1950, vijana wa mitaani walijiita hata jina, "Bills", kwa kumfuata Buffalo Bill.

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa tarehe 23 Novemba 1966, siku za Mobutu. Hapo mlipaji akawa Serikali, na mtu akifungua televisheni anakutana kwanza na uso wa Rais. Lakini Lubumbashi ilipata kitu chake ndani ya mambo hayo, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Kitu hicho ni Mufwankolo na kikundi chake. Walikuwa watu wa mji huu, wakicheza michezo ya kuigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile kile cha sokoni na cha kambini, chenye Kifaransa ndani yake na chumvi ya Kibemba na Kiluba. Redio iliwapeleka nyumba kwa nyumba, kisha televisheni. Mume mlevi, mke mwenye akili kuliko mume, chifu mwenye tamaa, mgeni kutoka kijijini asiyejua mji: kila lupango lilimtambua jirani yake. Mwaka 1986 mwalimu mmoja mtafiti, Johannes Fabian, aliwafuata walipokuwa wanatayarisha mchezo juu ya usemi kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Alisikiliza mazoezi, akaandika maneno yao yote, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Mchezo wa namna ile, wakati wa chama kimoja, haukuwa mzaha mdogo. Na aliyetazama hakulipa kitu zaidi ya kuwa na jirani mwenye televisheni. Mzee wa Hewa Bora anaposema "zamani ilikuwa bure", mara nyingi anakumbuka Mufwankolo, si kingine.

Bure nayo ilikuwa na mwisho wake. Mobutu alifungua mlango wa vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, na baadaye televisheni za watu binafsi zikaota kama uyoga, kila moja na mwenye mali wake, na wengi wao wanasiasa. Nyota, televisheni ya Moïse Katumbi hapa Lubumbashi, ilifungwa miaka kadhaa baada ya yeye kugombana na utawala wa Kabila, ikafunguliwa tena mwaka 2019. Mtazamaji hakuulizwa lolote. Asubuhi moja alikuta kioo cheusi.

Watu wa mji walijifunza kulipa kwa sababu ya mpira. Parabole na dekoda zilikuwa ghali kwa jamaa moja, basi mwenye baa alilipa abonema, wengine wakalipa kwa kununua chupa moja na kuikalia dakika tisini. Desemba 2010 ndiyo inakumbukwa kuliko zote. TP Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye kombe la dunia la vilabu, ikapiga Pachuca 1-0, ikapiga Internacional ya Brazili 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali. Tarehe 18 Inter Milan ikaishinda 3-0. Hasira ikatoka kwenye vioo ikaingia barabarani: mwamuzi alikuwa Mjapani, na kuna vijana walioshambulia maduka ya Wachina, ambao hawakuhusika hata kidogo. Ni aibu ambayo mji hauipendi kuisimulia.

Kisha simu. Mwaka 2020 Serikali ilileta RAM, kodi ya kuandikisha simu, na watu wakaona vipande vya krediti vinakatwa bila kuulizwa, mpaka kufika dola saba kwa mwaka kwa mwenye simu ya intaneti. Kelele zilikuwa nyingi, bungeni na mitaani, na mwaka 2022 kodi hiyo ikaondolewa. Tangu hapo watu wa Lubumbashi wanaangalia kwa makini kila kitu kinachokata pesa chenyewe kila mwezi. Wana sababu.

Netflix, ambayo ilianza kurusha filme kwa intaneti mwaka 2007, ilifika Afrika karibu yote kwa siku moja, tarehe 6 Januari 2016. Kijana wa Hewa Bora anataja bei ya abonema, na bei hiyo kweli haitishi sana. Lakini abonema ni tiketi ya mlangoni tu. Barabara ya kufika mlangoni inalipwa kwa mega. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, simu ikiwekwa kwenye kubana matumizi, giga moja inatosha kama saa sita za filme. Ikiachwa kwenye ubora wa juu, giga hiyo hiyo inaweza kwisha kwa dakika ishirini. Filme ya saa mbili, basi, ni theluthi ya giga au ni giga sita, kwa kidole kimoja tu kilichogusa au kusahau kugusa. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza pia kupakua filme mahali penye Wi-Fi akaitazama nyumbani bila mega. Asiyejua mambo hayo mawili asilipe kwanza. Na umeme ukikatika jioni, abonema inaendelea kuhesabu siku zake.

Kwa jamaa zilizokimbia vita hesabu ni nyingine. Lubumbashi imepokea watu wa Mitwaba, Pweto na Manono, waliokimbia Bakata Katanga, na mara nyingi wanalala kwa ndugu, jamaa mbili katika lupango moja. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, wenye ndugu kule nao wanahesabu mega. Simu ni moja. Mega zile zile ndizo za kuona uso wa mama aliyebaki, za kupokea picha ya nyumba kama bado imesimama. Halafu watoto waliozoea Kiswahili wanakuta filme nyingi kwa Kifaransa na Kiingereza. Wengi wanamaliza kwa fundi wa simu, anayejaza kadi ya memori filme za Nigeria na Tanzania kwa franka kidogo. Sheria ya haki za wasanii haipiti hapo, na wasanii wenyewe hawapati kitu.

Malupango mengine yamepata njia ya katikati. Wanalipa mwezi mmoja tu, wakati wa likizo kubwa ya Julai, simu ikiwa kwenye kubana matumizi, kisha wanakata. Septemba ikifika pesa inarudi kwenye daftari na viatu, kijana ananuna siku tatu, na jioni anamwomba mzee amsimulie tena ule mchezo wa Mufwankolo.