Kawandi

Kawandi ni mfarishi wa viraka unaoshonwa kwa mkono na wanawake wa Kisiddi, jamii yenye asili ya Afrika iishiyo katika jimbo la Karnataka, India. Wengi wa wahenga wao walipelekwa huko wakiwa watumwa, kupitia Goa iliyotawaliwa na Wareno.

Mifarishi mingi ya Ulaya na Marekani huanzia juu: vipande huunganishwa kwanza, kisha hutandikwa juu ya pamba na kitambaa cha chini, ndipo tabaka zote tatu hushikizwa kwa mshono. Kawandi haifuati mpango huo. Mshonaji hutandaza sari kuukuu, huanzia ukingoni, hukunja pindo la kila kiraka na kukipiga bandi papo hapo, sindano ikipenya hadi chini. Safu za bandi huzunguka zikielekea katikati, hivyo kuunga viraka na kushikiza tabaka huwa kazi moja. Pamba si lazima. Unene hutokana na viraka vinavyopandana, vingi vikiwa vya nguo zilizochakaa. Rangi hupangwa kwa jicho, na hapa ndipo fundi hodari hujulikana.

Wasiddi Waislamu huweza kutia hilali, na Wakatoliki msalaba. Pembe nne humaliziwa kwa phula, yaani maua: vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu na kurundikwa. Havizuii baridi hata kidogo, lakini kawandi isiyo navyo huhesabiwa kuwa uchi.