Kompyuta ya muziki ilikotoka

Leo naongelea muziki na kompyuta, maana nasikia wadogo zangu wawili wanataka kuuza pikipiki wanunue "mashine kali ya studio". Kabla hamjauza, someni historia hii kwanza.

Mwaka 1983 makampuni ya vinanda yalikubaliana lugha moja, MIDI, ili kinanda cha Roland kielewane na cha Sequential Circuits. MIDI haibebi sauti hata kidogo, inabeba maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, iachie. Ni kama cheti cha daktari; karatasi siyo dawa, dawa iko dirishani. Ndiyo maana kompyuta dhaifu iliweza kuongoza chumba kizima cha vyombo.

Mwaka 1985 ikaja Atari ST. Kumbukumbu yake KB 512, yaani picha moja ya simu zenu za leo isingeenea. Lakini ilikuwa na matundu mawili ya MIDI tangu kiwandani, na bei yake ilikuwa chini ya Macintosh. Wanamuziki wa Ulaya wakaikumbatia, na Steinberg wa Hamburg wakaitengenezea Cubase mwaka 1989. Watu hawakuitupa haraka: Fatboy Slim aliitumia kwenye albamu yake ya 1998!

Mwaka 1996 Steinberg wakaleta VST, mwangwi na vikorombwezo vingine vikaanza kufanyika ndani ya kompyuta. Mwaka 1999 vyombo vyenyewe navyo vikaingia humo.

Kinachoniuma ni kisa cha Logic. Mwaka 2002 Apple waliwanunua Emagic wa Ujerumani, wakakata toleo la Windows. Waliokuwa wameshalipia wakabaki njia panda: wanunue kompyuta nyingine, au waanze upya na programu nyingine. Hilo ndilo la kuogopa, siyo kasi ya mashine.

Sasa FruityLoops ya Ubelgiji, iliyotoka 1997 na kuitwa FL Studio tangu 2003. Ukiilipia mara moja, matoleo mapya unapewa bure maisha. Ya majaribio hailipiwi, na wimbo unaweza kuutoa, ila mradi uliouhifadhi hufungui tena mpaka ulipie. Laptopu ya shangazi inatosha kuanzia. Hedifoni nitatuma Desemba, msije mkaziuza!