Mawasiliano Wakati wa Maafa: Funzo la Kimbunga Idai

Usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kilitua karibu na mji wa Beira, Msumbiji. Kulipopambazuka, nguzo za umeme zilikuwa zimelala chini, minara ya simu imenyamaza, na mito Buzi na Pungwe ikaanza kuzigeuza nyanda kuwa bahari. Watu zaidi ya 600 walipoteza maisha nchini humo, na mamia wengine katika Zimbabwe na Malawi.

Ukubwa wa msiba huo haukufahamika siku hiyo. Beira, mji wa watu wapatao nusu milioni, ulikuwa umekuwa bubu. Ilikuwa Machi 18 ndipo Rais Filipe Nyusi, baada ya kuliona eneo hilo kutoka angani, alipotangaza kwamba waliokufa huenda wakazidi 1,000. Wakati huo wananchi wa Buzi walikuwa wangali juu ya mapaa na miti, wakingoja kuokolewa. Huko Chimanimani, Zimbabwe, milima iliporomoka juu ya makazi na madaraja yakachukuliwa na maji.

Msumbiji haikuwa ngeni wa maafa. Katika mafuriko ya mwaka 2000 watu wapatao 700 walikufa, na helikopta za Afrika Kusini ziliokoa maelfu. Lakini helikopta ni jicho tu. Jicho lisilo na sikio laweza kupita juu ya mhitaji lisimwone.

Sikio hilo ni redio, nayo ina mipaka yake. Redio ya mkononi huwa na nguvu ya wati 5 hivi, na mawimbi yake husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Katika tambarare kama ya Buzi, askari wawili waliosimama ardhini hupotezana baada ya kilomita chache. Katika milima kama ya Chimanimani, ukingo mmoja watosha kuwatenganisha.

Dawa yake ni mtambo uitwao ripita. Hupokea sauti katika masafa moja na papo hapo kuirusha upya katika masafa mengine, kwa nguvu zaidi na kutoka mahali pa juu. Ripita ndogo hubebwa kwa gari au hata mabegani. Ikipandishwa kilimani au juu ya tangi refu la maji, ikapewa betri na paneli ya jua, huweza kuunganisha vikosi vilivyo mbalimbali kwa makumi ya kilomita.

Hata hivyo, ripita si hirizi. Antena ikiachwa chini, mtambo hauna faida. Betri ikiisha, vikosi vyote huwa viziwi kwa pamoja. Kwa hiyo hapana budi kila askari ajue masafa ya akiba ya kuzungumza moja kwa moja. Tena, jeshi, polisi na zimamoto wakiwa kila mmoja na masafa yake, mtambo ulio bora kabisa hautawapatanisha. Hata mpakani redio za waokoaji zaweza kukwama zikingoja vibali. Ndiyo sababu Mkataba wa Tampere wa 1998, ulioanza kutumika Januari 2005, unazitaka nchi wanachama ziondoe vikwazo hivyo wakati wa maafa.

Mambo hayo hayapangwi mvua inaponyesha. Wiki sita tu baada ya Idai, Aprili 25, 2019, kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, jimbo linalopakana na Tanzania, na wakazi wa Mtwara walitakiwa kuhama maeneo ya hatari. Ilikuwa mara ya kwanza katika kumbukumbu kwa vimbunga viwili vikali kuipiga Msumbiji katika msimu mmoja.

Wahenga walinena: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kwa askari, kutia maji ni kukijua kilima kabla ya gharika, kuipandisha ripita juu yake siku ya mazoezi, na kuhakikisha kwamba wa kikosi kingine, aitapo, anasikika.